Gari la Japani mlangoni mwa Ngara

Tarehe 6 Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walikutana Rusumo, wilayani Ngara kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, kuzindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha. Habari za siku ile zilijaa malori, ujirani mwema na muda wa kuvuka mpaka uliopunguzwa. Mpita njia mmoja hakutajwa: gari dogo lililokwisha tumika, lenye kibandiko cha Kijapani kwenye kioo, lililoshushwa bandarini Dar es Salaam siku chache kabla. Ajabu ni kwamba daraja lile, pamoja na kituo, vilijengwa kwa msaada wa Japani. Mjapani amejenga daraja, na gari alilolichoka linapita juu yake.

Mto Kagera ulio chini ya daraja hilo umevukwa na wengi. Mjerumani Graf von Götzen aliingia Rwanda kupitia Rusumo mwaka 1894. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walilivuka daraja la zamani, lile jembamba, kwa takribani saa 24, wakaifanya Benaco kambi iliyojulikana dunia nzima. Nyuma yao wakaja watu wa mashirika na Land Cruiser zao nyeupe. Kwa wazee wengi wa Kasulo na Rulenge wilayani Ngara, hayo ndiyo magari mengi waliyoyaona kwa mara ya kwanza yakiwa pamoja.

Miaka ya nyuma zaidi gari halikuwa kitu cha kuagiza. Miaka ya 1970 uagizaji ulishikwa na State Motor Corporation, na mwenye shida ya gari alihitaji kibali, subira na mtu wa kumjua. Mlango ulifunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Pikapu zikaanza kuonekana. Baadaye ikaja njia ya Dubai, halafu Japani yenyewe. Mwaka 1995 Wajapani walilegeza masharti ya kukagua magari yaliyotumika kabla ya kuuzwa nje, na miaka ya 2000 intaneti ikamaliza kazi: SBT ya Yokohama, iliyoanzishwa mwaka 1993, na BE FORWARD ya mwaka 2004 zikawa majina ya kawaida hata kwa mtu asiyejua Yokohama iko upande gani wa Japani.

Kwa nini Mjapani aachie gari zima kwa bei ile? Si ukarimu. Gari jipya la kwao hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, ukijumlisha kodi, bima na matengenezo, unauma. Wengi huona bora kubadilisha. Gari linapelekwa mnadani, linapewa alama kwenye karatasi inayoonyesha hadi mkwaruzo wa mlangoni, na mnunuzi wa kupeleka nje analichukua. Sisi tunaendesha kushoto kama wao, kwa hiyo usukani hauna haja ya kuguswa.

Ila historia ya kweli ya gari la Japani Ngara haiko kwenye minada. Iko kwenye magari ya IT (in transit), yale yanayopita tu kwenda nchi jirani.

Gari la Bujumbura au Kigali likitoka bandarini halikai muda. Linabandikwa namba za IT, linakabidhiwa dereva na bahasha ya nyaraka, na safari ya kama kilomita 1,300 inaanza: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga. Dereva hulipwa kwa safari. Akifika mpakani anakabidhi funguo, anapanda basi na kurudi Dar kutafuta jingine. Hesabu yake ni rahisi, na ndiyo iliyozaa sifa mbaya ya IT kote nchini: akiwahi kufika, anawahi kurudi. Wengine huendesha usiku na mchana, hupumzika pale macho yanapogoma, na mara kwa mara gari ambalo lilikuwa halijapata hata vumbi la Singida linaishia mtaroni.

Na viti vitupu ni hasara. Sheria inasema wazi kwamba gari lililo chini ya dhamana ya forodha si la abiria, lakini atakayesema hajawahi kuona IT imejaa watu Kahama hajawahi kupita Kahama. Kwa mtu wa Ngara, hasa miaka ile basi la Dar lilipokuwa linalala njiani, ilikuwa ofa tamu: gari linalonukia upya, viti bado vimefunikwa nailoni, kiyoyozi kinafanya kazi, nauli ya maelewano. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anarudi likizo Murgwanza au Kabanga alilijua soko hilo kuliko ratiba ya mabasi. Hatari aliijua pia. Katika misitu ya Biharamulo na Ngara majambazi waliteka magari kiasi kwamba mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha; dereva wa IT mwenye haraka hakupenda kusubiri msafara. Serikali imewahi kupiga marufuku IT kusafiri usiku, na marufuku ya kubeba abiria imerudiwa mara nyingi kuliko inavyotekelezwa.

Walioyapanda hawasahau sauti ya yule dada. Ukiwasha gari, mwanamke anazungumza Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Anasema kadi ya kulipia barabara za huko haijawekwa. Madereva humjibu shikamoo. Redio nayo ni kichekesho, kwa sababu masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Gari linaingia Ngara likiwa na spika nzuri kuliko za ukumbi, lakini Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapo hapo Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, halishiki mpaka fundi afunge kifaa cha kupanua masafa.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, ulihusu usukani. Rwanda na Burundi zinaendesha kulia, urithi wa Wabelgiji. Burundi iliyapokea magari ya Japani yalivyo, usukani kulia, na abiria wa mbele ndiye anayemwambia dereva kama kuna lori linakuja. Rwanda ilikataa. Mwaka 2005 ilizuia kuingiza magari yenye usukani wa kulia, ikafikiria baadaye kuhamia kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, isihamie. Matokeo yake yanasomeka njia panda ya Nyakasanza: IT inayokata kuelekea Ngara mjini na Kabanga, mpakani na Burundi, kwa kawaida ina usukani kulia, inayonyoosha Rusumo kwa soko la Kigali ina usukani kushoto. Mtoto wa Ngara anaweza kukuambia gari linakwenda nchi gani kwa kutazama dereva amekaa wapi.

Kinachokera ni hiki. Magari yote hayo yanapita, na mtu wa Ngara hawezi kununua hata moja njiani, kwa kuwa liko chini ya dhamana ya forodha hadi livuke. Akitaka la kwake anaagiza kwa simu kama mtu wa Mtwara: anatumiwa ankara, anatuma dola benki, anasubiri meli wiki kadhaa, anatafuta wakala wa kulitoa bandarini. Kisha TRA, mamlaka ya mapato. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari la injini ya cc 1,500 lililozidi miaka 10 linadaiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, uchakavu asilimia 30, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Jumla inakaribia thamani ya gari lenyewe. Na thamani hiyo ni ya jedwali la TRA, haijali risiti yako. Ndiyo maana Probox moja ya Benaco hubeba abiria wanane na haioni aibu.

Hata barabara yenyewe, ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ilibeba biashara ya IT kwa miaka mingi ikiwa na mashimo ambayo wilaya yoyote yenye sauti Dodoma isingeyavumilia.

Sasa masoko ya jirani yanabadilika: Rwanda ilifuta kodi nyingi kwa magari ya umeme mwaka 2021, na Burundi imehangaika na uhaba wa mafuta na wa dola. Bandarini, hata hivyo, dalili ya kupungua ilikuwa haijaonekana: Aprili 2022 meli ya Meridian Ace ilifika Dar es Salaam na magari 4,041 kwa mpigo, sehemu kubwa yakiwa ya nchi jirani.