Wapiga Picha wa Sikukuu katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Ukiingia katika nyumba nyingi za Waluguru, ukamwomba mama mwenye nyumba akuonyeshe habari za kale za jamaa zake, hatakuletea kitabu. Atakwenda chumbani, atafungua sanduku la nguo, na chini ya kanga zilizokunjwa atatoa bahasha kuukuu. Ndani yake mna picha tatu au nne; pembe zimechakaa, na weupe wake umegeuka kahawia. Watu waliomo wamesimama wima, mikono imenyooka, wala hawacheki. Tazama nguo zao, ni mpya. Tazama viatu, vimeng'arishwa. Ukiuliza picha hiyo ilipigwa lini, utajibiwa, "Ilikuwa Noeli," au, "Ilikuwa Idi." Mwaka hautajwi, sikukuu ndiyo itajwayo.

Watu waliozipiga picha hizo wamefanya kazi kubwa katika nchi yetu, lakini habari zao hazikuandikwa sana. Basi twapenda kueleza kazi yao ilivyokuwa, hasa katika siku za sikukuu, kisha tuseme neno juu ya deni tulilo nalo sisi tuliopigwa picha.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa watu wote mwaka 1839, na mmoja wa waliouanzisha alikuwa Mfaransa, Louis Daguerre. Haukukawia kuvuka bahari. Karne ya 19 ilipokuwa haijaisha, Unguja palikuwa na mpiga picha Mgoa, A. C. Gomes, aliyepiga picha za masultani na za watu wa mjini. Hata mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua mle mjini duka lake lililoitwa Capital Art Studio, na baada yake mwanawe Rohit akaendelea na kazi ile ile. Hivyo watu wa pwani walizoea mapema kuvaa vizuri, kwenda dukani, na kurudi na sura zao zimechapwa juu ya karatasi.

Morogoro ni mbali na pwani, lakini njia ilikuja yenyewe. Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 gari la moshi likafika Morogoro. Katika siku zile Mdachi mmoja, Walther Dobbertin, alifanya kazi ya kupiga picha Dar es Salaam na kuzunguka katika nchi. Picha zake nyingi zipo hata leo katika nyumba ya hifadhi ya serikali ya Ujerumani, mjini Koblenz. Ni picha safi, nazo zatufaa sana kwa kujua nchi ilivyokuwa. Lakini tukizitazama kwa makini twaona jambo moja. Mwenye kamera ndiye aliyechagua nani asimame, asimame wapi, na ashike nini. Na chini ya picha nyingi tunasoma kabila la mtu au kazi yake. Jina lake hatulioni.

Katika picha ya sikukuu mambo yamegeuka. Hapa mwenye kupigwa picha ndiye bwana. Yeye ndiye anayelipa, ndiye anayechagua kanzu au suti, ndiye anayesema, "Mtoto huyu akae mbele, na baiskeli ionekane." Mpiga picha humshauri tu. Kwa hiyo picha za sikukuu ndizo za kwanza ambazo watu wa kawaida wa nchi hii walijieleza wenyewe namna walivyotaka kuonekana. Mkulima aliyeshinda mwaka mzima na jembe begani hakupenda kuonekana na jembe. Alitaka wajukuu wamwone na saa mkononi, hata kama saa ilikuwa ya kuazima.

Huenda msomaji akauliza, mbona sikukuu? Sababu ni tatu. Kwanza, siku hiyo nguo mpya zimevaliwa. Pili, fedha zipo: mkata mkonge wa mashambani amepokea mshahara, na mkulima wa Mgeta ameuza mboga zake mjini. Tatu, na hii ndiyo kubwa, watu wamekutana. Aliye Dar es Salaam amerudi kwao, binti aliyeolewa mbali amekuja na mtoto, na nyanya bado yu hai. Watu hawajui kama watakutana tena wote namna hii. Picha hupigwa kwa furaha, lakini nyuma ya furaha mna hofu kidogo.

Mpiga picha wa Morogoro ilimpasa kuwa na kalenda mbili. Wakristo na Waislamu wamekaa pamoja mjini na milimani tangu zamani. Noeli haitoki mahali pake, lakini Idi hufuata mwezi, nayo husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Katika miaka mingine fundi hupata misimu iliyoachana, akapumua katikati. Katika miaka mingine misimu hukutana. Mwaka 2000 Idi ya kumaliza Ramadhani iliadhimishwa mara mbili, mwanzo wa Januari na tena katika juma lile lile la Noeli. Tulikuwa watoto wa shule wakati huo, nasi twakumbuka jinsi wapiga picha walivyotoka kanisani wakakimbilia viwanja vya Idi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Maandalio yalianza majuma mengi kabla. Fundi alihesabu mikanda ya filamu na fedha zake. Mkanda ule mpana wa namba 120 watoa picha 12 za mraba. Ule mwembamba wa milimita 35 watoa 36. Vyote vilitoka ng'ambo, mikanda, karatasi na dawa, na katika miaka migumu iliyofuata Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa haba, vilikuwa adimu kama sabuni. Kwa hiyo hakuna fundi aliyepiga picha moja mara mbili. Alimwambia mtu, "Usipepese macho," naye akatii, kwa kuwa wote wawili walijua kwamba kosa halina malipo. Ndiyo sababu watu wa picha za zamani hawacheki. Hawakuwa na huzuni. Walikuwa wakisaidia kazi.

Siku yenyewe ikifika, fundi alikuwa amekwisha simama uwanjani kabla ya sala kumalizika. Alitaka mwanga wa asubuhi, maana jua la saa sita lipo utosini, nalo hutia vivuli machoni hata mtu aonekane hana macho. Tena alikuwa na shida isiyojulikana na wengi. Kanzu ni nyeupe, na uso wa mtu wetu ni mweusi. Asiyejua kazi hupima mwanga kwa kanzu. Kanzu ikatoka nzuri, na uso ukapotea gizani. Fundi hodari alipima kwa uso, akaiacha kanzu iwe nyeupe kama inavyotaka. Elimu hiyo wengi waliipata kwa kukaa miaka mingi na fundi mkubwa, wakibeba mkoba wake.

Kisha ilimpasa kujua adabu za watu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana heshima yake katika nyumba ya dada yake. Fundi mgeni aliyempanga baba katikati na kumweka mjomba pembeni aliweza kuona watu wamenyamaza, wala asijue amekosa nini. Aliyezoea aliuliza kwanza, "Wazee, nani akae wapi?" kisha akangoja.

Safari ya milimani ilikuwa kazi nyingine kabisa. Milima ya Uluguru yapanda mpaka mita 2,630 katika kilele cha Kimhandu, na vijiji vingi hufikiwa kwa miguu tu. Noeli nayo huja katika mvua za vuli, njia zikiwa tope. Fundi aliyekwenda upande wa Matombo, ambako misioni ilianzishwa mwaka 1897, au upande wa Mgeta na Bunduki, alifunga kamera na mikanda katika mpira au nailoni, kwa kuwa unyevu huotesha ukungu juu ya kioo na juu ya mkanda. Alipokea arabuni, akaandika katika daftari jina la mtu, kijiji, na idadi ya nakala. Kisha aliteremka, na baada ya juma moja au mawili akapanda tena na picha. Hivyo picha moja ilimgharimu milima miwili.

Usiku wa sikukuu, wengine walipocheza ngoma, yeye alijifungia katika chumba cha giza. Karatasi ya picha imepakwa chumvi za fedha, na chumvi hizo hugeuka nyeusi zikipata mwanga. Lakini mwanga mwekundu haziujali, kwa hiyo taa yake ilikuwa nyekundu. Aliangaza karatasi kupitia negativu, akaitia katika dawa ya kwanza, na pole pole uso wa mtu ukatokea majini kama mtu anayeamka. Dawa ya pili iliuimarisha ili usifutike. Kisha picha zilitakiwa kuoshwa kwa maji mengi kwa muda mrefu. Hapo ndipo haraka ya sikukuu ilipoharibu kazi. Picha iliyooshwa kidogo hupendeza mwaka wa kwanza, lakini dawa iliyobaki ndani huila taratibu. Picha nyingine katika masanduku ya mama zetu zimegeuka kahawia kwa sababu fundi alikuwa na watu mia wakingoja mlangoni.

Baada ya sikukuu zilikuja hasara. Watu waliotumia fedha zote kwa nyama na nguo hawakurudi kuzitwaa picha zao. Fundi alizibandika katika ubao mbele ya duka, ili mwenye sura aone haya aje kulipa. Wengine walikuja baada ya miaka, msibani, wakiitafuta picha ile ile waliyoiacha.

Nasi tuna habari yetu. Katika msimu ule wa mwaka 2000 tulikwenda kwa babu yetu mlimani. Mpiga picha akaja, babu akavaa kanzu na koti, akaketi katikati ya wajukuu, na arabuni ikatolewa. Baada ya majuma mawili tulimwona yule fundi akipanda katika mvua, mikono mitupu. Alisalimu, akaketi, akasema, "Mzee, filamu iliingia mwanga. Nimekuja kurudisha fedha zenu." Babu alimtazama miguu yake yenye tope, akasema, "Umepanda mlima wote huu kwa ajili ya fedha hizi? Kaa nazo. Utatupiga sikukuu ijayo." Sikukuu iliyofuata ilipofika, babu alikuwa amekwisha zikwa.

Hatumlaumu fundi yule. Twamheshimu mpaka leo. Lakini hatuna picha ya uzee wa babu. Iliyopo ni moja ya ujana wake, ya sikukuu fulani, yeye na watu wanne mbele ya pazia lililochorwa bahari. Wawili twawajua. Wawili wengine, kijana mmoja na msichana aliyemshika mkono, hakuna ajuaye ni nani. Babu alijua, wala hatukumwuliza. Nyuma ya picha pameandikwa namba ya fundi tu.

Hapo ndipo tunapofikiri tena juu ya zile picha za Wadachi. Twaona vibaya kwamba wazee wetu waliwekwa katika karatasi bila majina. Lakini sisi wenyewe, tulipopata uhuru wa kuchagua nguo, mahali na jirani wa kukaa naye, tuliacha jambo lile lile. Daftari la fundi lilikuwa na majina, nalo lilipojaa lilitupwa. Tukapeleka nyumbani picha isiyo na jina.

Siku hizi kazi imebadilika. Tangu kamera zisizotumia filamu kuenea, na simu zenye kamera kuingia mifukoni, chumba cha giza kimefungwa. Wapiga picha wa Morogoro bado hutoka siku za sikukuu, na wengine huchapa picha papo hapo. Mtu huweza kupigwa picha mia kwa siku moja. Lakini simu ikianguka mtoni, zote mia zimekwenda. Wazee wetu walikuwa na picha nne, nazo zimekaa miaka sitini.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzetu, yatupasa kufanya jambo dogo sikukuu itakapokuja tena. Tuzitoe bahasha zile masandukuni. Tuketi na wazee, tuulize, "Huyu ni nani? Wa ukoo gani? Ilikuwa wapi?" Tuandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, taratibu, pasipo kugandamiza. Wanafunzi wetu waweza kuifanya kazi hiyo katika likizo. Ni somo la historia ambalo kitabu chake kipo nyumbani kwa kila mmoja. Na zile zilizomo katika simu, tuzichape chache zilizo bora, nazo tuziandike majina. Fundi alipanda mlima mara mbili ili sura zisipotee. Majina yamebaki kwetu, na wazee wanaoyajua hawatungoji.