Kiti Kimoja cha Mbulu: Mgombea Binafsi na Wajibu wa Chama kwa Umma

Historia ya mapambano ya Uhuru inapofundishwa, uchaguzi wa Agosti 1960 huelezwa kwa hesabu moja: viti 71, TANU 70. Makada hupiga makofi, na somo likaendelea mbele hadi Desemba 1961. Sisi tunaofundisha elimu ya siasa hapa Misungwi tunaona kwamba hesabu hiyo haijakamilika. Viti 70 vinatueleza nguvu ya Chama. Kiti kile kimoja kilichobaki kinatueleza uhusiano wa Chama na umma, na huo ndio msingi wa nguvu yenyewe.

Kilichotokea Mbulu

Katika majimbo 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, na katika 13 ulikuwapo ushindani. Jimbo moja tu, Mbulu, lilimkataa mgombea wa TANU. Chama kilikuwa kimemsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU na mwenyeji wa Mbulu, alisimama kama mgombea binafsi, akashinda.

Kada asiyechambua mambo atasema kwamba watu wa Mbulu walikataa Uhuru, au walidanganywa na mkoloni. Ukweli unapinga maelezo hayo. Mara baada ya kushinda, Sarwatt alikaa pamoja na wabunge wa TANU. Itikadi yake ilikuwa ile ile, na lengo lake lilikuwa lile lile. Waliompa kura hawakuchagua kati ya Uhuru na ukoloni. Walichagua nani awasemee katika safari ambayo wote walikwisha kuikubali. Kwa hiyo kilichoshindwa Mbulu ni uteuzi. Chama hakikushindwa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Uteuzi ni kazi ya kamati, na kamati huweza kukosea. Chama ni mali ya wanachama. Kada anayechanganya viwili hivyo ataanza kuwaita wapiga kura maadui kila wanapokataa jina lililoandikwa na kamati.

Jibu la mwaka 1965

Ushindi wa majimbo 58 yasiyopingwa nao ulileta swali. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba pale ambapo mgombea wa chama hapingwi, umma unakosa nafasi ya kumchagua mbunge wake. Januari 1964 iliundwa Tume chini ya Rashidi Kawawa kutafuta muundo wa demokrasia katika nchi ya chama kimoja. Matokeo yake yalionekana katika uchaguzi wa Septemba 1965.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa Wilaya ulipiga kura kwa wote walioomba. Halmashauri Kuu ya Taifa iliteua wawili. Wawili hao walipelekwa kwa wananchi wote, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mikutano ya kampeni iliandaliwa na Chama, na wagombea wote wawili walisimama jukwaa moja. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Kati ya majimbo 107, ushindani ulifanyika katika majimbo 101.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuna budi kukumbuka yaliyotokea kwetu. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha. Tena alikuwa mmoja wa viongozi waliowaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma katika ushirika tangu mwanzo wa miaka ya 1950, wakati ambapo serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Pamoja na heshima hiyo yote, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha. Hakuna aliyelazimika kukihama Chama ili kumpinga waziri, na hakuna aliyeitwa msaliti kwa kumnyima kura. Bomani mwenyewe aliendelea kulitumikia taifa kama waziri na baadaye balozi.

Hebu tulinganishe Mbulu na Mwanza. Mwaka 1960 mwanachama aliyetaka kupinga uteuzi alilazimika kusimama nje. Mwaka 1965 upinzani wa aina hiyo ulipata mlango ndani ya nyumba.

Lakini mlango huo ulikuwa na mipaka yake. Asiye mwanachama hakuweza kugombea, na neno la mwisho la uteuzi lilikuwa la Halmashauri Kuu. Mwaka 1968 wabunge kadhaa waliofukuzwa katika TANU walipoteza na viti vyao, ingawa waliowachagua hawakuulizwa. Hapo ndipo mgongano ulipojificha: mbunge ni wa nani, wa kamati iliyomteua au wa watu waliompigia kura?

Swali linarudi

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, sharti la kudhaminiwa na chama lilibaki. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka swali mahakamani mwaka 1993. Oktoba 1994, huko Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alitamka kwamba raia anayo haki ya kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba kuizuia hukumu hiyo isifanye kazi. Mtikila akafungua kesi tena, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba jambo hilo ni la kuamuliwa na Bunge. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitamka kwamba sharti hilo linavunja haki za raia. Hata Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa Oktoba 2014 na Bunge Maalum ambamo wanachama wetu walikuwa wengi, ilimkubali mgombea huru. Kura ya maoni ya wananchi iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inamruhusu mgombea binafsi, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayewania Seneti hutakiwa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 wa kaunti yake. Mwaka 2017 Charles Kibiru alishinda useneta wa Kirinyaga kwa njia hiyo, katika eneo ambalo chama tawala cha Jubilee kilikuwa na nguvu nyingi. Chama hicho hakikufa kwa ushindi wake, na Rais Uhuru Kenyatta aliyetokana na chama hicho hicho alibaki madarakani.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mgombea binafsi ni dawa ya kila ugonjwa. Mtu mmoja Bungeni hana ilani ya kuisimamia serikali wala tawi la kumwita ajieleze. Tena, mahali ambapo kampeni ni fedha, mgombea asiye na chama huweza kuwa mgombea wa tajiri mmoja. Hatari hizo ni za kweli. Lakini rushwa katika kura za maoni huzaa mbunge wa tajiri yule yule, akiwa amevaa sare yetu. Kumfungia nje mgombea binafsi hakuponyi ugonjwa ulioko ndani.

Wajibu wa kada

Je, mwanachama anayemuunga mkono mgombea aliye nje ya Chama ni msaliti? Nidhamu ya Chama inadai kwamba anayetofautiana na uamuzi aseme wazi, na akiamua kwenda nje, aende wazi. Anayevaa kijani mchana na kumpigia kampeni mwingine usiku hajengi demokrasia. Lakini nidhamu ina pande mbili. Kamati nayo inawajibika kuheshimu kura za wanachama, na inapoamua kinyume chake, itoe sababu zinazoweza kusemwa mkutanoni.

Kazi iliyo mbele ya makada ni hii. Kwanza, kulinda kura za maoni zisinunuliwe. Pili, kuuliza kila uteuzi: je, jina hili lingepita kama wananchi wote wangeulizwa, kama walivyoulizwa Mwanza 1965? Tatu, pale tunaposhindwa, kwenda kwa waliotunyima kura na kuwasikiliza kabla ya kuwahukumu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgombea binafsi anayeungwa mkono na wanachama wetu ni homa inayoonyesha ugonjwa uliopo. TANU iliipima homa ya Mbulu, na miaka mitano baadaye ikawapa wananchi wagombea wawili. Chama kinachotaka kuongoza lazima kiwe na ujasiri wa aina hiyo.