Orijino ya Nani?

Ulizia klachi ya Volkswagen kobe Gerezani, Dar es Salaam, na neno “orijino” halitakawia. Duka moja humaanisha mpya ya kiwandani. Duka la pili, mtumba uliong’olewa kwenye gari la nje. Hakuna anayedanganya, neno ndilo limepanuka mno.

Kwangu, klachi ya Sachs ni orijino hata bila nembo ya VW, maana Sachs iliiuzia Volkswagen klachi tangu zamani. Ila orijino isiyoingia ni chuma chakavu: kuna sahani za milimita 180 na za 200. Pima kwanza ya zamani. Kisha kagua ribiti za sahani unayouziwa; zikilingana na uso wa bitana, hiyo imeshatumika, boksi liseme litakalo.