Biodizeli ya kutengeneza nyumbani: Toa maji kabla hayajaua injini

Kama una karasha Mwakitolyo, pampu ya kuvuta maji duarani Rwamgasa au jenereta ya duka pale Kahama, unajua dizeli ndiyo inayokula faida. Ndiyo maana wapo wanaojaribu kupika mafuta yao wenyewe, hasa ukanda huu ambako mbegu za pamba hukamuliwa mafuta na mbono kaburi unaota hadi kwenye uzio.

Kupika si ndiyo mwisho wa kazi. Wengi hukwama kwenye jambo moja dogo: maji.

Maji yanatoka wapi?

Biodizeli hupatikana kwa kuchanganya mafuta ya mimea na methanoli pamoja na kostiki soda. Glisirini hushuka chini, biodizeli hubaki juu. Lakini hiyo biodizeli bado ina sabuni, methanoli na mabaki ya kostiki, kwa hiyo huoshwa kwa maji safi mara kadhaa. Hapo ndipo maji yanapoingia.

Maji mengine yanakuwemo tangu mwanzo, kwenye mafuta ya mbegu yasiyosafishwa. Hayo ni mabaya zaidi kwa sababu hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni wakati wa kupika. Kausha mafuta kwanza, ndipo uweke kemikali.

Chanzo cha tatu ni pipa. Pipa lililojaa nusu hushika unyevu wa hewa. Usiku ukipoa, matone hujitengeneza kwenye kuta na kushuka chini.

Madhara yake

Maji huleta kutu kwenye pampu ya dizeli na nozeli, vipuri ambavyo ni ghali. Pia huozesha mafuta yenyewe: biodizeli yenye maji hurudi polepole kuwa asidi. Vijidudu huzaliana pale maji na mafuta yanapokutana, na kutoa utelezi mweusi unaoziba filta.

Viwango vya Ulaya vinaruhusu maji yasiyozidi miligramu 500 kwa kilo moja ya biodizeli, yaani nusu gramu tu. Dizeli ya kawaida ni miligramu 200.

Hatua ya 1: Acha itulie

Maji ni mazito kuliko biodizeli, ambayo lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.88. Weka pipa juu ya mawe, liinamie upande mmoja, uliache bila kulitikisa kwa siku moja au mbili. Kisha fungua koki ya chini, toa maji yote hadi yaanze kutoka mafuta matupu.

Hatua hii hutoa maji yaliyojitenga tu. Yale yaliyoyeyuka ndani ya mafuta bado yapo.

Hatua ya 2: Kausha kwa hewa na jua

Hii ndiyo njia salama kwa mtu wa kawaida. Weka mafuta kwenye chombo kipana cheusi juani, kisha pitisha mapovu ya hewa kutoka chini kwa pampu ndogo, au zungusha mafuta kwa pampu yamwagike juu kama bomba la mvua. Hewa kavu hubeba unyevu na kuondoka nao.

Hapa Shinyanga na Geita, Juni hadi Septemba ni miezi mizuri kwa kazi hii. Wakati wa mvua hewa yenyewe imejaa unyevu, utapiga mapovu siku nzima bila matokeo. Fanyia mahali pa wazi, maana mvuke wa methanoli iliyobaki ni sumu na unawaka.

Je, kuchemsha? Inawezekana, lakini si kwenye jiko la mkaa wala kuni. Maji yaliyo chini yakichemka ghafla hurusha mafuta ya moto nje, na mvuke ukikutana na moto ndiyo basi tena.

Na chumvi? Wapo wanaoitumia kunyonya maji. Tatizo ni kwamba maji ya chumvi yakifika kwenye pampu huleta kutu haraka kuliko maji ya kawaida. Achana nayo.

Hatua ya 3: Pima

Jaribio la gazeti: Weka mafuta kwenye chupa safi ya kioo, weka gazeti nyuma yake. Usiposoma herufi kwa sababu ya ukungu, maji bado yapo. Ukisoma vizuri, umevuka hatua, lakini hujamaliza.

Jaribio la kikaango: Pasha kikaango kitupu kwa moto wa kiasi, kiepue, kipeleke mbali na moto, kisha dondoshea kijiko kimoja cha mafuta. Yakipasuka na kulia, kuna maji.

Jaribio la mizani: Hapa wachimbaji mna bahati, mizani ya dhahabu mnayo. Pima gramu 100 za mafuta kwenye kopo jepesi, pasha kwenye jiko la umeme hadi kupita kidogo nyuzi 100, acha yapoe, pima tena. Yakipungua gramu 0.05 tu, uko kwenye mpaka wa miligramu 500 kwa kilo. Yakipungua zaidi, rudi hatua ya 2. Kumbuka methanoli iliyobaki nayo huondoka hapo, na hiyo pia haitakiwi kwenye injini.

Kabla hujaweka kwenye mashine

• Usianze na mashine inayovuta maji au kupeleka hewa duarani. Ikizima, kuna watu chini. Jaribu kwanza kwenye injini ambayo ikizima hakuna anayeumia.

• Ukichanganya na dizeli ya kawaida, acha mchanganyiko utulie tena kisha toa kilichoshuka chini. Dizeli hubeba maji kidogo kuliko biodizeli, hivyo maji yaliyoyeyuka huweza kujitenga upya.

• Hifadhi kwenye chombo kilichojaa na kufungwa vizuri, kivulini. Vuta mafuta juu, usivute sakafuni mwa pipa.

• Maji uliyooshea yana sabuni na methanoli. Usimwage kwenye lambo wala kijito ambacho ng'ombe na watu wanatumia.

• Kutengeneza kwa matumizi yako ni jambo moja, kuuza ni jingine. Biashara ya mafuta inasimamiwa na EWURA, na tangu mwaka 2010 serikali ina mwongozo wa nishati za mimea. Uliza kwanza.

Kama mafuta yamekataa jaribio la mizani mara tatu mfululizo, usiyalazimishe. Tumia dizeli ya kituoni siku hiyo. Ni ghali, lakini si kama pampu mpya.