Noeli iliyozuiwa mpakani

Katika nchi ya Narnia, ambayo haipo kwenye ramani yoyote, baridi ilikaa miaka mia moja. Theluji ilianguka, mito ikaganda, na Noeli haikufika hata mara moja. Mtu wa kwetu atauliza: baridi na Noeli vinahusiana vipi? Noeli yetu huja na mvua na maembe. Lakini kaskazini mwa Ulaya, mwishoni mwa Desemba ndipo usiku unapokuwa mrefu kuliko nyakati zote za mwaka. Saa kumi jioni giza limeshaingia. Sikukuu imewekwa pale kama kituo cha kupumzikia njiani. Ukiifikia unajua jua linaanza kurudi. Ukiiondoa, baridi inakuwa haina katikati wala mwisho. Hiyo ndiyo adhabu aliyowapa wenyeji wa Narnia yule Mchawi Mweupe, aliyejiita malkia wao.

Aliyeitunga nchi hiyo ni C. S. Lewis, mtu wa Belfast, aliyezaliwa mwaka 1898, akafiwa na mama akiwa na miaka 9, akaumizwa vitani Ufaransa mwaka 1918, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Kitabu chake cha kwanza cha Narnia, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kilitoka mwaka 1950. Watu wengi wanakijua kwa sababu ya simba na kabati la nguo ambalo ndani yake kuna mlango wa kuingilia nchi nyingine. Wachache wanakumbuka jinsi kinavyoanza: watoto wanne wa London wamepelekwa mbali na wazazi wao kwa sababu ya mabomu. Yaani wale watoto ni wakimbizi wa ndani.

Jambo hilo Lewis hakulibuni. Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita, serikali ilianza kuwaondoa watoto mijini. Ndani ya siku chache walihamishwa watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule, wengine akina mama wenye watoto wadogo. Kila mtoto alifungwa kikaratasi chenye jina lake kwenye koti, akabeba kinyago cha kuzuia gesi ndani ya boksi, na kifurushi cha nguo. Walipofika vijijini walikusanywa ukumbini, wenyeji wakaja kuchagua. Waliolingana na kazi za shamba au waliopendeza machoni walitoka mapema. Wengine walibaki hadi mwisho, wameshika mikono ya wadogo zao, na mara nyingine ndugu walitenganishwa. Mwenyeji alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto akichukua zaidi ya mmoja. Aliyewahi kupanga mstari wa kuandikishwa hahitaji kuelezewa zaidi.

Nyumbani kwa Lewis, nje kidogo ya mji wa Oxford, walifika wasichana wa namna hiyo mwezi huohuo wa Septemba. Yeye hakuwa na mtoto wake, wala hakuwazoea watoto. Wakati huo akaandika mistari michache ya hadithi ya watoto wanne waliopelekwa kukaa kwa mzee mmoja msomi kijijini, halafu akaiacha. Ilingoja karibu miaka kumi.

Na ile Noeli ya kwanza, ya 1939? Mabomu yaliyoogopwa yalikuwa bado hayajaanguka. Wazazi hawakuvumilia. Kufikia Januari 1940 karibu nusu ya waliohamishwa walikuwa wamesharudi mijini, ingawa serikali iliwabandikia matangazo ukutani kuwaambia akina mama wawaache watoto walipo. Sikukuu ina nguvu hiyo: mtu anaweza kustahimili miezi mitatu ugenini, ila meza yenye kiti kitupu siku ya Noeli inamshinda.

Tarehe 8 Januari 1940 ukaja mgao. Kadi za chakula, vocha za kukatwa, foleni. Ulianza na siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya kukausha, kisha nyama nyingine, kisha chai, na mwaka 1942 peremende. Vita viliisha mwaka 1945, mgao haukuisha. Mkate, ambao haukuguswa wakati wote wa vita, uliwekwa kwenye mgao mwaka 1946, amani ikiwa imeshakuja! Mwaka 1949 peremende ziliachiwa huru, watoto wakazimaliza madukani, na baada ya miezi michache serikali ikazirudisha kwenye kadi. Mgao wa mwisho, ule wa nyama, uliondolewa Julai 1954.

Basi ukisoma Narnia ukiwa unajua hayo, kitabu kinabadilika. Edmund, yule kaka mdogo, anawasaliti ndugu zake kwa peremende za Kituruki, zile laini zilizopakwa sukari ya unga, ambazo mtu wa pwani angeziita binamu wa halua. Msomaji wa leo aliyeshiba anamwona mpumbavu. Mtoto wa Uingereza wa mwaka 1950, mwenye kadi yake mfukoni, alimwelewa kabisa.

Lewis mwenyewe alikula chakula cha msaada. Baada ya vita Wamarekani waliopenda vitabu vyake walimtumia vifurushi, na daktari wa upasuaji wa Baltimore, Warfield Firor, alimtumia mapaja ya nguruwe. Lewis aliwaita rafiki zake wakala pamoja, wakatia saini barua ya shukrani. Mwalimu mzima wa chuo kikuu, anaandika barua ya kushukuru kwa nyama. Simcheki.

Sasa turudi kwenye sikukuu yenyewe. Watoto wanakimbia usiku, wakiongozwa na mume na mke wa jamii ya biva, mnyama wa mito ya baridi mwenye mkia bapa, ajengaye mabwawa kwa miti. Mchawi yuko njiani kuja kuwakamata. Mzee Beaver anahimiza: twendeni, twendeni! Mama Beaver anafunga mizigo. Chai, sukari, mikate, nyama, viberiti, hata leso. Mzigo mdogo kwa aliye mdogo. Halafu anauliza, kwa unyonge, kama cherehani yake itakuwa nzito mno kubeba. Anaambiwa ni nzito. Anaiacha. Nimesoma taarifa nyingi kuhusu watu kukimbia makwao, zenye namba na ramani, na sijaona iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko huyu mnyama wa kubuni. Kila nyumba hapa kambini ina cherehani yake iliyobaki.

Asubuhi, wakiwa wamejificha shimoni, wanasikia kengele. Wanadhani ni Mchawi. Kumbe ni Baba Noeli, na sleji yake inayovutwa na kulungu wa nchi za baridi. Anawaambia kwamba alizuiwa kuingia kwa muda mrefu, na sasa ameingia. Halafu anagawa zawadi. Tazama anachogawa: hakuna hata mwanasesere mmoja. Peter anapata upanga na ngao, Susan upinde na pembe ya kuitia msaada, Lucy kisu kidogo na kichupa cha dawa ya kuponya majeruhi. Mzee Beaver ataikuta boma ya bwawa lake imezibwa palipovuja. Mama Beaver amewekewa nyumbani cherehani mpya, bora kuliko ile ya kwanza. Na kwa wote kuna sinia la chai ya moto, pamoja na sukari na krimu. Mwaka 1950, hiyo sukari ndiyo muujiza. Edmund peke yake hana zawadi. Yuko upande wa pili.

J. R. R. Tolkien, rafiki yake Lewis, hakukipenda kitabu hiki kwa kuchanganya visivyofanana: miungu ya Kigiriki, wanyama wasemao, na Baba Noeli juu yake. Rafiki mwingine, Roger Lancelyn Green, alimshauri Lewis amwondoe Baba Noeli. Kweli, hoja yao ina uzito. Tolkien alijua kutunga sikukuu: katika nchi yake ya Shire, siku mbili za katikati ya baridi, moja ya kufunga mwaka na moja ya kuufungua, hazimo katika mwezi wowote. Ni nadhifu, ni kazi ya mtaalamu. Lakini Lewis alikataa, na mimi namuunga mkono. Mtu aliyenyimwa sikukuu hataki iliyotungwa vizuri. Anaitaka ileile aliyoizoea.

Kuna ukurasa mmoja zaidi. Mchawi akipita na sleji yake anawakuta wanyama wadogo wakila chini ya mti: kindi na mkewe na watoto wao, mbweha mzee na wengineo, mezani kuna keki ya zabibu. Mchawi anauliza ulafi huu na ubadhirifu huu maana yake nini, na vitu hivi wamevipata wapi. Wenzetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, msikasirike, lakini swali hilo tunalijua. Mtu akiuza kilo mbili za mahindi ya mgao ili watoto waonje nyama siku ya sikukuu, hakosekani wa kusema kwamba basi hakuwa na njaa. Mbweha anajibu kwamba wamepewa na Baba Noeli. Mchawi anawapa nafasi: semeni mmedanganya, nitawasamehe. Kindi mmoja mdogo anashindwa kujizuia, anagonga meza kwa kijiko akipiga kelele kwamba alikuja, alikuja kweli. Edmund anamsihi Mchawi asifanye. Anafanya. Wote wanageuka mawe, pamoja na sahani na keki, na kwa mara ya kwanza Edmund anamhurumia mtu asiye yeye.

Baadaye simba Aslan anawapulizia pumzi waliogeuzwa mawe katika ua wa Mchawi, wanafufuka. Wale wa chini ya mti hawatajwi tena. Mtoto mmoja aliyesoma kitabu alimwandikia Lewis kuuliza habari zao. Lewis alijibu kwamba alidhani watu wangeelewa wenyewe kuwa Aslan aliwarekebisha wote, ila sasa anaona alipaswa kuliandika. Kuhusu keki hakusema kitu.