Mdomo Uliokufa Ganzi

Mwezi uliopita niling'olewa jino. Daktari alinidunga sindano kwenye ufizi, akasubiri kidogo, kisha akanigonga mdomo wa chini kwa kidole. "Unaskia?" Sikuskia kitu. Nilifika nyumbani nikiwa na nusu ya mdomo, ile nusu nyingine ikiwa kama ya mtu mwingine kabisa. Nikajaribu kunywa chai, ikaishia kwa shati.

Baada ya saa tatu hivi ganzi ikaanza kutoka, na hapo ndipo mchonyoto ulipoanza, kama sisimizi wanaoandamana kutoka kidevuni kwenda puani. Nikiwa nimejilaza nikisubiri uso wangu urudi, nikakumbuka hadithi ya kapteni mmoja aliyewahi kuisikia ganzi kama hii bila daktari wala sindano.

Septemba 1774, meli ya Resolution iliyoongozwa na James Cook ilitia nanga kwenye kisiwa cha Bahari ya Pasifiki ambacho Cook mwenyewe alikipa jina la New Caledonia. Karani wa meli akanunua samaki kwa mwenyeji mmoja. Samaki huyo alikuwa mgeni kwao, kwa hivyo wanasayansi wawili waliokuwa melini, Johann Reinhold Forster na mwanawe George, wakataka kwanza achorwe na aelezwe kwa maandishi. Kazi hiyo ikala muda. Usiku ulipoingia, kilichopikwa kilikuwa ini na mayai yake tu, na Cook na akina Forster wakaonja kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichowaacha hai.

Kati ya saa tisa na saa kumi usiku wakaamka wakiwa hoi. Mikono na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Cook aliandika kwamba hakuweza tena kutofautisha kizito na chepesi: kopo lililojaa maji na unyoya vilikuwa sawa mkononi mwake. Wakatapishwa, wakatoleshwa jasho, wakapona. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa asubuhi.

Sehemu inayonikaa akilini ni ya baadaye. Wenyeji walipopanda melini na kumwona samaki yule ametundikwa, wakaonyesha kwa ishara kwamba haliwi kamwe, tena kwa kuchukizwa kabisa. Kumbe kisiwa kizima kilijua! Cook alishangaa kwamba hakuna aliyewaonya wakati wa kununua. Lakini watu hawa walikuwa wamekutana juzijuzi tu, na lugha hawakuelewana. Samaki alibadilisha mikono siku ile, ila ujuzi wa samaki ulibaki ufuoni hadi kesho yake.

Kwenye meli hiyohiyo alikuwemo kijana aliyeitwa George Vancouver. Miaka 19 baadaye, sasa akiwa kapteni, yeye naye alikuwa anapima pwani ya sehemu ambayo leo ni magharibi ya Kanada. Tarehe 15 Juni 1793, baadhi ya mabaharia wake waliokuwa kwenye mashua walikula kome kwa kiamsha kinywa. Punde nyuso zikaanza kufa ganzi, kisha mikono na miguu. Mmoja wao, John Carter, alifariki siku hiyohiyo. Vancouver aliita mahali alipozikwa Carter's Bay, na pale walipokula kome akapaita Poison Cove, yaani hori la sumu. Majina hayo yapo kwenye ramani hadi leo. Ndivyo wageni walivyojifunza pwani ya watu, kwa kaburi moja moja.

Sayansi ilichukua muda kufika. Mwaka 1909 Mjapani Yoshizumi Tahara aliipa sumu ya samaki wa aina hii jina la tetrodotoksini. Mwaka 1964, watafiti nchini Marekani, akiwemo Toshio Narahashi, walionyesha jinsi inavyofanya kazi. Neva hupeleka habari kwa umeme, na umeme huo hutokea sodiamu inapoingia ndani ya neva kupitia milango midogo sana. Sumu hii huziba milango hiyo. Sumu ya kome, inayotokana na viumbe vidogo vya baharini ambavyo kome huvila, huziba milango ileile.

Na sindano ya daktari wangu wa meno? Lidokeini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren huko Stockholm mwaka 1943, nayo huziba milango hiyohiyo. Ila dawa inakaa mahali pamoja, kwa saa chache, na aliyeidunga anajua kipimo. Sumu ya samaki husambaa mwilini. Mara nyingi huanza na midomo na ulimi, halafu ikizidi hufika kwenye misuli ya kupumua, na mtu anaweza kukosa pumzi huku akili yake ni timamu. Kuipika hakuiondoi. Dawa ya kuifuta haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua hadi mwili uitoe.

Si kila ganzi ya mdomo ni sumu, bila shaka. Wasiwasi ukikufanya uhemehemee, midomo huchonyota. Sukari au kalsiamu ikishuka, vilevile. Lakini uso ukilegea upande mmoja ghafla, hiyo huenda ni kiharusi, na si ya kulala nayo ukingoja kesho. Mdomo hutoa habari mapema. Shida ni nani yuko karibu wa kukutafsiria.

Mimi ni mtu wa bara. Mwaka wa kwanza nilipohamia Kilifi kwa kazi, niliona samaki mnene ametupwa mchangani, mzima kabisa, hana mwenyewe. Nikasema leo Mungu amenikumbuka, mshahara wenyewe ulikuwa umeisha. Nilikuwa nimeshamtia kwenye mfuko wakati mama mmoja muuza samaki aliponipigia kelele kutoka kwenye banda lake.

"We mwanangu! Mtupe huyo! Huyo ni bunju, wataka kufa?"

Sikuwa nimewahi kusikia neno bunju. Yeye hakuwahi kusikia neno tetrodotoksini, na hakulihitaji. Nikamtupa samaki, nikasema asante mama, naye akanicheka, akanipa changu wawili kwa deni.

Tofauti kati yangu na Cook ni ndogo sana. Sote wawili tulikuwa wageni wenye njaa kwenye ufuo wa wenyewe. Aliyejua alimfikia yeye baada ya chakula. Mimi alinifikia kabla.