Ridhaa Pana: Damu ya Leo kwa Maswali ya Kesho

Ugonjwa mpya hauwangoji watafiti wajipange. Mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipoenea duniani, utafiti mwingi ulichelewa kuanza. Wakati kamati za maadili zinapitia maombi na mikataba inasubiri saini, wagonjwa wa wimbi la kwanza walikuwa wameshapona au wameshazikwa. Funzo hilo lilichangia kuundwa kwa ISARIC, muungano wa kimataifa wa watafiti wa magonjwa ya mlipuko, mwaka 2011. Kutoka humo ikatoka itifaki iliyoandikwa kwa ajili ya ugonjwa ambao bado haujajulikana: ni taarifa gani zikusanywe kwa mgonjwa aliyelazwa, damu ichukuliwe siku zipi, ihifadhiwe vipi, na nani aulizwe nini. Uingereza iliipitisha itifaki hiyo kwenye kamati ya maadili mwaka 2013 na kuiweka akiba. Januari 2020, habari za Wuhan zilipofika, watafiti wake hawakuanza upya. Kufikia 19 Aprili walikuwa na taarifa za wagonjwa 20,133 wa UVIKO kutoka hospitali 208.

Itifaki hiyo ilitenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi tunavitaja kwa pumzi moja. Taarifa za kawaida za matibabu, yaani umri, dalili, magonjwa mengine aliyonayo mtu na kama alipona au alifariki, zilichukuliwa England na Wales bila kumwuliza mgonjwa, majina yakiwa yameondolewa. Damu na ute wa puani au kooni ni suala jingine: hapo mgonjwa alipaswa kuulizwa. Na alichoulizwa kilikuwa kikubwa kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi. Aliulizwa kama damu yake inaweza kutunzwa kwenye friza kwa tafiti za baadaye, zikiwemo zile ambazo hakuna aliyekuwa amezifikiria bado.

Jibu la ndiyo kwa swali la namna hiyo ndilo ninaloliita ridhaa pana. Nimelichagua kila neno kati ya hayo mawili baada ya kuyapima mengine, na naomba nieleze kwa nini.

Kwenye fomu za utafiti za Kiswahili, maneno manne hupokezana: idhini, kibali, makubaliano na ridhaa. Waandishi wengi wa fomu huyachanganya kana kwamba ni mamoja. Idhini kwa kawaida hutoka kwa mwenye mamlaka. Mkuu wa kazi humpa mtumishi idhini ya kusafiri. Kibali ni idhini iliyokwisha kuandikwa, ina mhuri na tarehe ya kwisha. Makubaliano yanahitaji pande mbili zinazoahidiana. Ridhaa inatoka ndani ya mtu mwenyewe. Ni ndugu wa radhi na kuridhika, na ndiyo maana mtu anaweza kusema, "Nilikubali tu, lakini sikuwa radhi," na kila msikilizaji akaelewa kwamba kinywa kilitangulia na moyo ukabaki nyuma. Neno hili lina kazi nyingine pia zinazotusaidia. Wapenzi wa michezo wanazijua ngumi za ridhaa, zile ambazo bondia hapigani kwa ajili ya malipo. Mahakamani, tendo lililofanyika bila ridhaa linaweza kuwa jinai hata kama hakuna aliyepiga kelele. Kwa hiyo ndani ya neno hili moja tayari kuna hiari, kuna kutokununuliwa, na kuna uzito wa sheria.

Wapo wanaotetea "idhini ya mgonjwa" kwa hoja kwamba kila mtu ni mtawala wa mwili wake. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini idhini ikishatolewa imetolewa, wakati ridhaa inaweza kwisha, kama radhi inavyoweza kuondoka. Utafiti unaotunza damu ya mtu kwa miaka kumi au ishirini unahitaji neno lenye sifa hiyo. Mgawanyo wangu ni huu: kamati ya maadili hutoa kibali, uongozi wa hospitali hutoa idhini, mgonjwa hutoa ridhaa.

Sasa neno la pili. Baadhi ya watu huandika "ridhaa ya jumla". Silipendi hata kidogo. Jumla ni kila kitu kwa mkupuo mmoja, kama bei ya jumla, na mgonjwa anayeambiwa atoe ridhaa ya jumla ana haki ya kudhani ameshatoa vyote. "Ridhaa wazi" nayo inafaa kwa jambo lingine, ile ridhaa isiyo na masharti yoyote, ambayo binafsi sioni kama inastahili kuombwa wodini. Pana ni tofauti. Mto Rufiji ni mpana, lakini una kingo. Ridhaa pana haitaji utafiti mmoja mahususi, ila inataja kingo: ni aina gani ya tafiti, chini ya usimamizi wa nani, damu itakaa wapi, nani anaweza kuiomba, na mtoaji afanye nini akibadili mawazo.

Kingo hizo hazikubuniwa na watu wa lugha. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa 2016 kuhusu hifadhi za data na sampuli, linataka mtu aelezwe lengo la hifadhi, hatari zake, namna faragha yake itakavyolindwa, nani atazifikia data na sampuli, kama zitatumika kibiashara na faida igawanywe vipi, na kama zinaweza kuhamishiwa nchi nyingine. Azimio hilohilo linaruhusu ridhaa kuwekwa kando pale panapokuwa na tishio kubwa na la dharura kwa afya ya umma na data zisizo na majina hazitoshi, lakini kamati huru ya maadili lazima ithibitishe kila hali ya namna hiyo. Mtafiti hawezi kujitangazia dharura mwenyewe.

Kwa nini tusiachane na upana wote, tukaomba ridhaa mahususi kila mara? Kwa sababu wagonjwa wa kesho watalipa gharama. Chukua utafiti wa GenOMICC, ulioanza Uingereza miaka kadhaa kabla ya korona ili kuchunguza vinasaba vya watu wanaougua mahututi. Haukufungwa kwa ugonjwa mmoja, kwa hiyo UVIKO ulipoingia, mlango ulikuwa wazi tayari. Kwa wagonjwa 2,244 wa vyumba 208 vya wagonjwa mahututi, watafiti waliona kwamba tofauti kwenye vinasaba kadhaa, kimojawapo kikiitwa TYK2, zinahusiana na ugonjwa kuwa mkali. Matokeo hayo yaliipa nguvu hoja ya kuijaribu baricitinib, dawa ya baridi yabisi ambayo tayari ilikuwepo madukani, na mwaka 2022 jaribio la RECOVERY likaonyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO waliolazwa kwa takriban asilimia 13. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kutoukataa upana.

Lakini upana usio na kingo tumeuona pia. Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, kati ya 2014 na 2016, iliwapata zaidi ya watu 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Maelfu ya sampuli za damu zilizochukuliwa ili kujua nani anaumwa na nani mzima zilisafirishwa hadi maabara za Ulaya na Marekani. Wengi waliotoa damu hiyo hawakuulizwa chochote kuhusu utafiti. Walijua wamechukuliwa kipimo, basi.

Neno hilo, kipimo, ndilo linaloleta mkanganyiko mkubwa hata katika wodi zetu. Kwa mgonjwa wa Temeke au wa Likoni, kila sindano inayovuta damu ni kipimo, na kipimo kina majibu. Muuguzi akimtoa damu ya mrija wa pili kwa ajili ya utafiti, mgonjwa atakaa akisubiri majibu yake, na yasipokuja atajiuliza damu imekwenda wapi. Hofu ya mumiani, ya watu wanaonyonya damu za wenzao ili kutengeneza dawa, ina umri mrefu katika pwani yetu, na tafiti zinazotoa damu zimekutana nayo mara nyingi. Ni kosa kuicheka. Anayeambiwa "kipimo" kisha asipewe majibu ana sababu ya kushuku. Kwa hiyo fomu ya Kiswahili iseme wazi kwamba mrija huu ni wa matibabu yako na una majibu, na mrija ule ni wa utafiti na huenda usikuletee jibu lolote wewe binafsi. Iseme na kiasi: mililita 5, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kijiko kinaeleweka, "kiasi kidogo" hakisemi kitu.

Mashariki mwa Kongo swali la ridhaa liliulizwa kwa Kiswahili chenyewe. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, ukaenea hadi Ituri na kumalizika Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati ya vita na vitisho dhidi ya wahudumu wa afya, Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilipokea jaribio la dawa nne lililopewa jina la Pamoja Tulinde Maisha. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha kuokoa watu wengi zaidi: vifo vilikuwa karibu asilimia 34 na 35, dhidi ya karibu asilimia 50 kwa dawa ya kulinganishia. Mojawapo ya hizo mbili, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Alitoa damu hiyo miaka kumi na moja baadaye, akiwa mzima, na kingamwili bado ilikuwepo mwilini mwake.

Huko nako, Kiswahili sanifu peke yake kingeweza kupotosha. Katika Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa. Anayesema "wamenitosha damu" anasema ametolewa damu; msomaji wa Dodoma anaweza kuhangaika kutafuta ni nini kilichotosheleza. Fomu iliyotafsiriwa Dar es Salaam au Nairobi isibebwe Butembo kama ilivyo. Isomwe kwanza mbele ya watu wa huko, na waulizwe wameelewa nini kwa maneno yao wenyewe. Na karatasi yenyewe ina shida zake: katika kituo cha Ebola, kilichoingia eneo la hatari hakitoki, kwa hiyo fomu iliyosainiwa hupigwa picha ikiwa ng'ambo ya kizuizi, na picha ndiyo inayobaki kuwa kumbukumbu.

Kisha kuna kingo ya mahali damu itakapokaa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, daktari wa Kongo aliyefika Yambuku Ebola ilipozuka mwaka 1976 na kuchukua damu ya wagonjwa wa kwanza kwa mikono mitupu, aliona damu ya mmoja wa wagonjwa ikisafiri ndani ya chupa ya chai hadi Antwerp, na sifa za kuigundua Ebola zikabaki huko kwa miaka mingi. Mwaka 2019, akiwa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba na viumbe Kinshasa, alitangaza kwamba sampuli za Ebola zitahifadhiwa Kongo, na anayetaka kuzichunguza aende huko. Hiyo ni kingo mojawapo ya ridhaa pana, na ni sahihi kabisa kwamba iliwekwa na mtu aliyeona matokeo ya kukosekana kwa kingo hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni saa ya kuuliza. Mgonjwa anayehema juu ya oksijeni, amezungukwa na watu waliofunikwa nyuso, ndugu zake wamezuiwa getini, hawezi kupima maana ya miaka ishirini kwenye friza. Atasema ndiyo kwa yeyote aliyeshika sindano. Ndiyo maana baadhi ya itifaki hutumia ridhaa iliyoahirishwa: sampuli huchukuliwa wakati wa hatari, ndugu akiridhia kwa niaba yake pale sheria inaporuhusu, na mgonjwa mwenyewe huulizwa akishapata nafuu. Kwa ridhaa pana ningelifanya hili kuwa sharti. Usiku wa dharura aulizwe kuhusu utafiti wa ugonjwa alio nao tu. Swali la miaka ijayo lingoje hadi aweze kukaa kitandani, kula, na kumwita mwanawe wasome pamoja.

Na swali lenyewe lisomeke hivi: "Mama, damu iliyobaki tungependa kuitunza kwa ajili ya tafiti nyingine za magonjwa ya kuambukiza zitakazopitishwa na kamati ya maadili ya nchi yetu. Haitauzwa. Haitatoka nje ya nchi bila mkataba unaosimamiwa na kamati hiyo. Je, uko radhi?" Chini yake pawepo nafasi mbili, ndiyo na hapana, na maelezo kwamba hapana haibadilishi matibabu wala zamu ya kumwona daktari.

Akibadili mawazo baadaye, sampuli iliyobaki itateketezwa na taarifa zake hazitatumika tena katika tafiti mpya. Matokeo ambayo yameshachapishwa hayawezi kurudishwa. Hilo pia aambiwe kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, si siku anayokuja kujitoa.